Mwanzo wa Sinema Usirukwe

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula huu Halmashauri ya Chama cha Sinema cha shule yetu imekata shauri kwamba picha za Jumamosi zitaanzia baada ya majina. Maana yake ni kwamba ashikaye mashine ataisogeza picha mbele mpaka pale watu wanapoanza kusema, na vile vile ataizima mara tu hadithi inapokwisha. Sababu iliyotolewa ni uchache wa wakati. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na kwa kuwa mkutano ulifungwa kabla sijapewa nafasi ya kusema, namshukuru Bwana Mhariri kwa kuniachia ukurasa huu.

Neno langu ni hili: mwanzo wa sinema ni sehemu ya sinema, nao una kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuutayarisha moyo wa mtazamaji kwa picha na kwa sauti. Kazi ya pili ni kuwapa watu heshima ya jasho lao. Tukiuruka mwanzo huo, katika kazi ya kwanza twajipunja wenyewe, na katika ya pili twawadhulumu wenzetu.

Sipendi kusema kwa jumla jumla, kwa maana maneno ya jumla kila mtu huyavuta upande wake. Nitachukua sinema moja ambayo karibu sote tumeiona bwaloni muhula huu, nayo ni "Superman", iliyotolewa mwaka 1978 na kuongozwa na Richard Donner. Wasomaji wasioijua, na hasa wazazi wetu, wataniwia radhi nikieleza kidogo. Superman ni shujaa wa hadithi za picha za Kimarekani. Alizaliwa katika sayari iitwayo Krypton, akaletwa duniani akiwa mtoto mchanga, na akakua na nguvu zipitazo za binadamu; anaruka angani na risasi hazimdhuru.

Sasa tazama jinsi sinema hiyo inavyoanza. Kwanza twaona pazia, kama pazia la jumba la sinema la zamani. Linafunguka, na katikati yake inaonekana picha ndogo, nyembamba, isiyo na rangi. Ni mwezi Juni wa mwaka 1938, na mkono wa mtoto unafunua kitabu cha hadithi za picha. Sauti ya mtoto huyo inatueleza habari za miaka ile ya shida, na habari za gazeti moja kubwa la mjini. Jengo la gazeti lililochorwa kitabuni linageuka kuwa jengo hasa, lenye tufe la dunia juu ya paa. Kamera inapanda, inalipita tufe, inaelekea mbinguni. Mara hiyo majina yanatujia kwa kasi, pazia linatoweka, na picha inatanuka mpaka inakijaza kiwambo chote. Rangi zimeingia, nasi tumo katikati ya nyota.

Katika muda usiofika dakika mbili, tumehamishwa kutoka karatasi hadi mbinguni, na hakuna mtu aliyetuambia, "Jamani, sasa tunaondoka." Picha yenyewe ndiyo iliyotuchukua. Ilikuwa nyembamba ikawa pana. Ilikuwa nyeusi na nyeupe ikapata rangi. Ilikuwa imetulia ikaanza kwenda. Aliyeipanga alijua kwamba mtu huuona upana vizuri zaidi akitoka penye dhiki, kama vile mtu atokaye ndani ya basi lililojaa anavyouona uwanja. Kama picha ingaliaanza moja kwa moja kwa upana wake, tusingaliona kwamba ni pana.

Kisha yatazame majina yenyewe. Ni herufi za rangi ya samawati, nazo hazikai kitako kusomwa. Kila jina linaruka, na nyuma yake linaacha mkia wa nuru kama kimondo. Kazi hii ilifanywa na ndugu wawili, Richard na Robert Greenberg, waliokuwa wameanzisha kampuni yao huko New York mwaka 1977. Herufi hizi hazikuchorwa na kompyuta kama ambavyo zingechorwa leo. Zilipigwa picha kwa kamera. Kamera ilisogezwa huku mlango wake mdogo wa kuingizia nuru ukiachwa wazi, hata nuru ya herufi ikajipaka juu ya filamu kama rangi inavyopakwa kwa brashi. Halafu kazi hiyo ikarudiwa kwa picha inayofuata, na nyingine, na nyingine, na kila sekunde moja ya sinema ina picha 24.

Wenzetu wa chama cha upigaji picha walilijaribu jambo hili nyuma ya maabara wakati wa usiku. Waliiacha kamera wazi kwa sekunde 10, na mmoja wao akapita mbele yake akipunga kurunzi. Katika picha mwenye kurunzi hakuonekana hata kidogo; palionekana mstari wa nuru tu, umepinda kama ukili. Mwalimu wetu wa Fizikia alisema kwamba somo ambalo hulifundisha kwa vipindi viwili lilieleweka kwa dakika tano. Basi nauliza: je, jambo linaloweza kutufundisha Fizikia ni jambo la kurukwa?

Nimesema habari za macho. Sasa niseme habari za masikio. Muziki wa mwanzo huo ulitungwa na John Williams na kupigwa na London Symphony Orchestra. Hauanzi kwa kishindo. Unaanza chini chini, kwa mapigo yanayojirudia kama hatua za askari wanaokuja kutoka mbali. Matarumbeta yanaita, yanajibiwa, na sauti inapanda daraja baada ya daraja. Alama ya shujaa, ile herufi S, inapotokea, na jina la sinema linapofuata, muziki wote unapasuka kwa nguvu. Pana sauti tatu ambazo, kwa sikio langu, zinalingana kabisa na vipande vitatu vya jina lenyewe: Su-per-man. Hakuna mtu anayeimba, lakini jina limetamkwa.

Baadaye matarumbeta yanatulia kidogo, na fidla zinashika wimbo wa upole. Asiyejua hudhani ni mapumziko tu. Lakini wimbo huo huo tutausikia tena mbele, Superman anaporuka usiku pamoja na yule bibi mwandishi wa gazeti, Lois Lane. Kwa hiyo mtunzi ametuwekea akiba. Ametupa wimbo kabla ya kutupa jambo, ili jambo litakapokuja moyo ulitambue kama mgeni aliyekwisha kubisha hodi. Aliyeurukwa mwanzo ameikosa hodi hiyo.

Zaidi ya muziki kuna mlio mwingine. Kila jina linapopita husikika mvumo, kama upepo wa gari kubwa linalompita mtu kando ya barabara. Jina ni herufi tu, wala halina uzito. Lakini mvumo ule unalipa uzito. Jicho linaona karatasi, sikio linasema ni chuma, na sisi twaliamini sikio.

Ili nisihukumu kwa maneno matupu, nilimwomba mwalimu mlezi wa chama ruhusa ya kufanya jaribio, naye kwa hisani yake akakubali. Jumapili moja alasiri tulikusanyika wanafunzi 20 wa kidato cha kwanza na cha pili ambao walikuwa bado hawajaiona sinema hiyo. Kumi tuliwaonyesha mwanzo bila sauti. Kumi wengine waliketi wakiipa picha mgongo, wakasikia sauti peke yake. Wale wa kwanza walitulia kidogo, kisha wakaanza kuzungumza. Mmoja alisoma majina kwa sauti kama anayeita mahudhurio. Wale wa pili hawakuona kitu, lakini karibu wote waliketi wima, na watatu walipoulizwa hadithi itahusu nini walisema inahusu mfalme au jemadari. Halafu wote 20 waliona na kusikia kwa pamoja, na bwalo likawa kimya mpaka mwisho. Sisemi kwamba jaribio hili ni la kitaalamu. Nasema tu kwamba linaonyesha jambo ambalo kila mmoja wetu anaweza kulijaribu: picha inatuonyesha, lakini sauti ndiyo inayotuamuru.

Hapa nafika kwenye sababu yangu iliyo kubwa. Wale watoto watatu walisema "mfalme au jemadari" kabla ya kumwona mtu yeyote. Na kwa kweli shujaa wa sinema hiyo haonekani akiwa amevaa mavazi yake mpaka karibu robo tatu ya saa imekwisha pita. Hata hivyo, kutoka dakika zile za mwanzo sote tulikuwa tumekwisha kubali kwamba yu mkuu na yu mwema. Alikuwa ametenda nini? Hakuwa ametenda lolote. Matarumbeta ndiyo yaliyotushuhudia.

Katika sinema si kosa. Tumekuja kwa hiari yetu, na hadithi ile itamthibitisha shujaa wake. Lakini hila hizo hizo za nuru na sauti hazikai ndani ya sinema tu. Tangazo la sabuni lina ngoma zake. Tangazo la dawa ya kuondoa kila ugonjwa lina fidla zake za upole. Gari lenye vipaza sauti likipita wakati wa uchaguzi hutanguliza muziki kabla ya mtu kusema atafanya nini. Baadhi yetu mwakani tutakuwa na umri wa kupiga kura. Kijana aliyejifunza kuusikia moyo wake unavyosukumwa ataweza kujizuia kidogo na kuuliza, "Nimesikia tarumbeta, sasa kazi iko wapi?" Asiyejifunza ataruka pamoja na muziki popote utakapompeleka. Shule ni mahali pa kujifunza jambo hilo, na mwanzo wa sinema ni kitabu chake kizuri, kwa kuwa ni kifupi, na ndani yake hila zote zimewekwa wazi mezani.

Sasa nije kwenye kazi ya pili, yaani heshima ya majina. Mwenzangu mmoja wa bweni letu aliniambia, "Kaka, sisi twaja kumwona mtu akiruka, hatukuja kusoma majina ya watu tusiowajua." Nakubali kwamba hatuwajui. Lakini kati ya majina yale yanayopita na mikia ya nuru yamo mawili ambayo yafaa kila mwanafunzi ayajue: Jerry Siegel na Joe Shuster.

Hao ndio waliombuni Superman. Wote wawili walizaliwa mwaka 1914, na walisoma shule moja ya sekondari katika mji wa Cleveland, Marekani. Siegel alikuwa mwandishi na Shuster mchoraji. Siegel aliandika hadithi zake katika gazeti la shule yao, lililoitwa Torch, kama vile sisi tunavyoandika katika gazeti hili. Walianza kumtunga shujaa wao wangali vijana wa shule, wakakataliwa na wachapishaji kwa miaka kadhaa. Mwaka 1938 walifanikiwa kumuuza. Waliuza haki zote kwa dola 130, na mwezi Juni wa mwaka huo ndio uliochapwa juu ya kitabu cha kwanza kilichokuwa na Superman. Sasa msomaji anaelewa kwa nini sinema inaanza na mwezi huo na kitabu mkononi mwa mtoto.

Shujaa akawatajirisha wengi. Mwaka 1947 vijana wale walikwenda mahakamani kudai haki yao, nao wakatoka na fedha kidogo, na majina yao yakaondolewa katika hadithi za Superman. Kwa miaka mingi watoto walisoma habari zake bila kujua nani aliyemtunga. Mwaka 1975, habari ziliposikika kwamba sinema kubwa ya Superman inatengenezwa, Siegel alipaza sauti hadharani. Wakati huo Shuster macho yake yalikuwa yamedhoofika sana, na wote wawili walikuwa katika hali ya chini. Wachoraji wenzao, kama Neal Adams na Jerry Robinson, wakasimama upande wao. Mwezi Desemba wa mwaka 1975 kampuni ilikubali kuwapa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka, na ikakubali tena majina yao yarudishwe.

Kwa hiyo majina yale mawili yanapopita mbele yetu katika sinema ya mwaka 1978, tunachokiona ni deni la miaka karibu 30 likilipwa hadharani. Yanapita kwa sekunde chache tu. Na sisi, kwa ajili ya kuokoa sekunde hizo, twataka kuyaondoa kwa mara ya pili! Hakika Halmashauri haikukusudia ubaya wowote. Lakini dhuluma nyingi hufanywa na watu wasiokusudia ubaya, wenye haraka tu.

Wazee wetu hawakuwa na desturi hiyo. Msimulizi wa hadithi hakuanza mpaka ameita "Paukwa!" na wasikilizaji wameitika "Pakawa!" Wapenzi wa taarabu ya Unguja wanajua kwamba kabla ya mwimbaji kufungua kinywa, wapigaji hupiga bashrafu, muziki usio na maneno, na hakuna aliyesikia akipaza sauti kwamba iachwe ili waende kwenye wimbo. Na watungaji wengi wa tenzi walipofika mwisho walitia beti za kutaja majina yao, ili anayesoma ajue ni kazi ya nani. Mwanzo wenye adabu na jina la mwenye kazi si mambo mageni kwetu.

Imebaki hoja ya wakati, nayo ni hoja ya haki, wala siidharau. Taa huzimwa saa nne, na viranja hawana ruhusa ya kuzichelewesha. "Superman" ina dakika 143. Sisi huingia bwaloni saa moja na nusu, kisha hufuata robo saa ya matangazo: nani amepoteza ndoo, bweni gani limeshinda usafi, timu gani inasafiri. Picha inaanza saa moja na dakika 45, na mwisho wake unafika saa nne na dakika 8. Halmashauri imeyaona majina kuwa ndiyo ya kukatwa. Mimi nimeyaona matangazo. Yasomwe wakati wa chakula cha jioni, tukiwa tumeketi bwaloni humo humo na vinywa vimejaa, basi picha itaanza saa moja na nusu kamili, nayo itakwisha saa nne kasoro dakika 7. Mwanzo utabaki, mwisho utabaki, na dakika 7 zinatosha kurudisha mabenchi na kukimbia mabwenini. Zikitokea picha ndefu kupita hiyo, zigawanywe Jumamosi mbili, kama hadithi ndefu zinavyogawanywa magazetini.

Naomba basi Halmashauri iufikirie upya uamuzi wake katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao. Naomba pia walimu wetu wa lugha watupe nafasi, hata mara moja kwa muhula, tuandike insha juu ya mwanzo wa sinema moja: tuliona nini, tulisikia nini, na kila kimoja kilitutaka tuamini nini. Sisi wa kidato cha nne tutakuwa tumekwisha ondoka baada ya mitihani, na uamuzi huo utakuwa wenu ninyi mnaobaki. Msikubali kuambiwa kwamba majina si sinema. Wenye majina hayo ndio walioifanya.